Mahadhi Yaliyorudi Nyumbani Kutoka Chicago

Francis O'Neill alikuwa mkuu wa polisi wa jiji la Chicago kuanzia mwaka 1901 hadi 1905, na lau angekumbukwa kwa cheo hicho peke yake, jina lake lingebaki kwa watafiti wachache wa historia ya jiji hilo. Alizaliwa mwaka 1848 huko Tralibane, katika kaunti ya Cork kusini mwa Ayalandi, wakati njaa kuu ilikuwa bado inamaliza watu. Akaondoka nyumbani angali kijana, akawa baharia, akanusurika baada ya meli yake kuvunjika katika Bahari ya Pasifiki, kisha mwaka 1873 akajiunga na polisi, ambako hakukaa sana kabla ya kupigwa risasi na mwizi, risasi iliyobaki karibu na uti wa mgongo wake maisha yake yote. Mtu huyo, ambaye alipuliza filimbi vizuri lakini hakujua kuandika nota hata moja, ndiye aliyewatafuta wahamiaji wenzake mmoja mmoja, akampigia mahadhi yao sajenti James O'Neill, aliyejua kuyaandika, na mwaka 1903 akachapisha mkusanyo wa mahadhi 1,850 ya Kiayalandi. Vitabu vyake vilivuka bahari kurudi Ayalandi, na wapigaji wa huko wakaanza kujifunza kutoka kwake vitu ambavyo babu zao walikuwa wamevisahau.

Ninaanza na habari hii kwa sababu mjadala wa kusherehekea urithi wa Kiayalandi, hasa inapokaribia tarehe 17 Machi, siku ya Mtakatifu Patrick, msimamizi wa Ayalandi, huendeshwa kana kwamba kuna shina moja lililobaki kisiwani na matawi mengi ya bandia yaliyotapakaa Boston, London na Sydney. Waayalandi wa nyumbani wanalo hata tusi la kuwaita ndugu zao wa ughaibuni: eti ni wa plastiki. Mimi naona mambo yalikwenda kinyume. Sherehe yenyewe ya Mtakatifu Patrick ilikua ughaibuni kabla ya kupambwa nyumbani. New York ilikuwa na gwaride lake mwaka 1762, ilhali Dublin ilisubiri hadi 1931 kupata gwaride la kiserikali, na kwa miaka mingi baa za Ayalandi zilifungwa siku hiyo kwa sababu ilikuwa siku ya kanisa. Michael Coleman wa Sligo, magharibi mwa Ayalandi, alirekodi fidla yake New York katika miaka ya 1920, na santuri zake zikawabadilishia upigaji hata wale wa Sligo kwenyewe. Mwaka 1994 dunia ilipoduwaa kuona ngoma ya Kiayalandi jukwaani Dublin, katika mapumziko ya shindano la nyimbo la Ulaya, Eurovision, waliocheza mbele walikuwa Michael Flatley na Jean Butler, wote wawili wazaliwa wa Marekani.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mwaka 1947, pale fainali ya kandanda ya Kiayalandi, mchezo ambao wao hupiga mpira kwa mguu na kuudaka kwa mkono, ilipochezwa New York, mara pekee kuchezwa nje ya kisiwa, ili kuadhimisha miaka 100 tangu mwaka mbaya kuliko yote wa njaa ile. Timu ya kaunti ya Cavan iliifunga ya Kerry. Nyumbani watu walikusanyika kwenye redio, na mtangazaji Micheál O'Hehir, alipohofia kwamba muda wa laini ya simu waliyoikodi ungekwisha kabla ya mchezo, alianza kusihi hewani, kwa yeyote anayemsikia, aongezewe dakika tano. Akaongezewa.

Njaa hiyo ilianza mwaka 1845 kwa ugonjwa wa bakajani, ule ule unaochoma majani ya viazi na nyanya katika mashamba yetu. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni moja wakahama katika muda wa miaka michache tu, huku vyakula vingine vikiendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza. Mwaka 1841 kisiwa kilikuwa na watu zaidi ya milioni nane. Leo, Kusini iliyo Jamhuri na Kaskazini iliyo chini ya Uingereza kwa pamoja, wamezidi milioni saba kidogo. Maeneo ya magharibi, yaliyoumia kuliko mengine, ndiyo yaliyokuwa ngome ya lugha ya Kiayalandi, na hapo ndipo sifa zangu kwa ughaibuni zinapofika kikomo, kwa sababu mahadhi yalisafiri, ngoma ikasafiri, mpira ukasafiri, lakini lugha haikusafiri vile.

Nilisoma katika shule ya bweni iliyokuwa na masista wa Kiayalandi. Kila tarehe 17 Machi sista mmoja mzee, mpole wa sauti, alituimbia wimbo kwa lugha ambayo hatukuwahi kuisikia kwingine, nasi tukapiga makofi bila kuelewa neno. Wiki hiyo hiyo, kama wiki nyingine zote, kibao tulichokiita diski kilikuwa kinazunguka shingoni mwa wanafunzi: ukinaswa unasema lugha ya mama unavishwa, nawe unamvizia mwenzako umvishe, na atakayekuwa nacho jioni anaadhibiwa. Viranja ndio waliokisimamia, na sidhani kama sista yule alikuwa na habari nacho.

Miaka mingi baadaye nikasoma kuhusu bata scóir. Ni kijiti kilichofungwa uzi na kuvishwa shingoni mwa mtoto wa Kiayalandi katika karne ya 19. Kila alipotamka neno la Kiayalandi kijiti kilichanjwa mkato mmoja, na mwisho wa siku alichapwa kwa hesabu ya mikato. Kilichoniuma zaidi ni kwamba wazazi wenyewe walikubali, wakijua kwamba mtoto angehitaji Kiingereza siku ya kupanda meli. Nilimkumbuka sista na wimbo wake, nikajiuliza kama bibi wa bibi yake alikivaa.

Matokeo yake yako wazi. Katiba ya mwaka 1937 inakitaja Kiayalandi kuwa lugha rasmi ya kwanza, na katika sensa ya mwaka 2022 watu wapatao milioni 1.87 wa Jamhuri walisema wanakiweza, lakini waliokitumia kila siku nje ya masomo hawakufika 72,000. Kwa hiyo ninaposikia kwamba mto wa Chicago umetiwa rangi ya kijani, kama unavyotiwa tangu 1962, sikasiriki hata kidogo, maana ni mzaha mzuri wa wafanyakazi wa mabomba. Ninachouliza ni kama katika jiji hilo kuna mtoto anayefundishwa sentensi kumi za Kiayalandi.

Nilipokaa Galway, magharibi mwa Ayalandi, majuma mawili nilikuta jinsi urithi unavyoonekana pasipo mapambo. Wapigaji katika baa walikaa kuzunguka meza wakitazamana wao kwa wao, wakitupa migongo sisi wasikilizaji, na kila mahadhi yakarudiwa mara tatu kabla mmoja hajainua macho kuashiria wanaingia mengine. Kisha baa ikanyamaza, na mzee mmoja akaimba kwa mtindo wa sean-nós, bila ala, macho kayafumba. Jirani yake akamshika mkono, akawa anauzungusha taratibu kufuata pumzi za wimbo, kama mtu anayeteka maji kisimani. Hakuna aliyetoa simu.

Serikali nayo ina la kujibu. Kifungu cha pili cha Katiba, kama kilivyoandikwa upya baada ya makubaliano ya amani ya Ayalandi Kaskazini ya mwaka 1998, kinasema taifa linathamini undugu wake na watu wa asili ya Kiayalandi walioko ng'ambo. Kila Machi mawaziri hutawanywa duniani kwenda kuushangilia undugu huo. Lakini raia aliyehamia Toronto au Dubai, isipokuwa wachache kama wanadiplomasia, hawezi hata kupiga kura ya kumchagua rais. Huko ni kumwalika mtu arusini na kumkataza kula.

Tena si kila ukurasa wa urithi huu unapendeza. Katika kisiwa cha Montserrat, huko Karibi, tarehe 17 Machi ni sikukuu ya umma kama ilivyo Ayalandi. Waayalandi walifika huko katika karne ya 17, baadhi yao kama watumishi wa mkataba, na baadhi wakaja kumiliki mashamba na watumwa. Mwaka 1768 watumwa walipanga kuasi siku hiyo hiyo ya Mtakatifu Patrick, wakitarajia kwamba mabwana zao wangekuwa katika sherehe. Siri ikavuja, na viongozi wakanyongwa. Leo Wamontserrat huvaa kijani siku hiyo kwa ajili ya hao walionyongwa na kwa ajili ya mababu wa Kiayalandi pia, na mgeni anayeshuka kisiwani hupigwa katika pasipoti yake muhuri wenye umbo la jani la shamrock, mmea wa majani matatu ulio nembo ya Ayalandi.