Tulilitengeneza Boma, tusiyabomoe maduka

Juni na Julai, upepo wa Iringa ukianza kukata masikio, mimi hupeleka nguo zangu kwa fundi cherehani mmoja anayekaa kwenye baraza la duka la zamani, hatua chache kutoka Soko Kuu. Mlango wa mbao una komeo la chuma zito. Ukuta ni mnene kiasi kwamba kizingiti chake kinatosha watu wawili kukaa. Kwa chini, lipu imebanduka na mawe yanaonekana.

Wiki iliyopita aliniambia wamekuja watu kupima. Duka hilo litavunjwa, zijengwe fremu.

Nimeumia, kwa sababu mji huu umeshaonyesha kwamba njia nyingine ipo. Boma letu lilijengwa na Wajerumani mwaka 1900 kama hospitali ya jeshi, kisha likatumika miaka mingi kama ofisi za serikali. Likakarabatiwa kupitia mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa, kwa fedha za Umoja wa Ulaya, na mwaka 2016 likafunguliwa kuwa makumbusho. Mgeni aliyekuwa akilala mjini usiku mmoja na kukimbilia hifadhi ya Ruaha alfajiri, sasa ana sababu ya kutembea mjini. Akitoka pale atakula, atanunua kikapu, atapita sokoni.

Wapo wanaouliza, ya nini kutunza nyumba ya mkoloni? Swali hilo naliheshimu. Wajerumani waliivunja ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, pale Kalenga mwaka 1894. Lakini leo, ndani ya kuta walizojenga wao, Wahehe wanasimuliwa kwa heshima, na watoto wetu wa shule wanasikiliza. Hapo naona tumewashinda mara ya pili, baada ya Lugalo, ambako Wahehe waliwapiga Wajerumani mwaka 1891.

Sasa maduka haya ya zamani hayana mtetezi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Iringa mjini karibu yote ni ya baadaye, kwa hiyo mpaka waziri alitangaze jengo kwa jina, mwenye nyundo yuko huru. Halmashauri ingeweza kuanza na kazi ndogo tu: kuyaorodhesha, kuyapiga picha, na kumpunguzia kodi ya pango mpangaji anayetengeneza paa.

Na mafundi wafundishwe chokaa. Kuta za mawe na udongo zikipigwa lipu ya saruji, unyevu hukosa pa kutokea, ukuta unaoza kwa ndani, kisha tunasema jengo limechakaa lenyewe. Halikuchakaa lenyewe. Tuliliziba pumzi.

Fundi wangu kalipa kodi mpaka Desemba. Nilipoondoka alikuwa anamsalimu mteja kwa Kihehe, "Kamwene!", na mama yule akapanda barazani kukwepa manyunyu.