Futari ya Mfunguo Mosi

Kwa kuwa sahibu yangu wa Kibokoni ameshaisimulia habari hii katika kila baraza la kahawa kuanzia Mji wa Kale hadi Majengo, na kwa kuwa katika masimulizi yake mimi nilijificha uvunguni mwa kitanda, naona ni bora niieleze mwenyewe kabla haijavuka feri kwenda Likoni. Sikujificha uvunguni. Nilisimama mlangoni, na afadhali ningejificha.

Mnaonifuata mnaijua seva yetu ya habari, ile mashine kuukuu iliyo katika chumba cha nyuma cha duka la vitambaa, ambayo sisi wachache tuliokataa kuachana na Usenet, utaratibu wa kujadiliana kwa makala kupitia kompyuta uliobuniwa mwaka 1979, tunaitumia kubishana kuhusu samaki na siasa. Makala za wanachama huja kwa barua pepe, zikapita kwenye skripti niliyoiandika, nayo huzikabidhi kwa programu iitwayo rnews. Seva ikiwa imelala, rnews haitupi kitu. Huzipanga makala kwenye foleni mpaka mtu aje kuandika amri ya rnews -U, ndipo zote zisukumwe ndani. Mtu huyo ni mimi.

Umeme ulikatika tarehe 12 Ramadhani. Mashine iliamka, lakini innd, ambayo ndiyo programu ya seva yenyewe, haikuamka nayo. Kundi likawa kimya, na kila mmoja akadhani wenzake wameshughulishwa na ibada. Mimi msimamizi sikushuku lolote, kwani nilikuwa na dukuduku langu. Tarehe 14 nilikuwa nimeandika kwamba wote wanakaribishwa futari kwangu kesho, pamoja na watoto, na mke wangu akapika mbaazi za nazi, mahamri, viazi vya nazi na sinia la biriani. Hakuja hata mtu mmoja. Tulikula biriani ile siku tatu mfululizo, nami tarehe 16 nikaandika makala ya pili, fupi na chungu, nikiwaambia kwamba nimewaona, kwamba sahani zao nimezihesabu, na kwamba atakayenikwepa tena asinijue. Tangu siku hiyo nikawa nawasalimia kwa kidevu. (Msicheke bado, ndugu zangu, bado hatujafika.)

Usiku wa kuamkia Ijumaa, tarehe 5 Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ndipo nilipogundua kwamba seva imelala wiki tatu na kwamba foleni ina makala 63. Nilitoa nakala ya folda nzima, na hilo lilikuwa tendo langu la mwisho la busara. Kisha nikaiamsha innd, nikaandika rnews -U. Makala 38 zilipokewa, nyingi zikiwa salamu za Idi, na 25 zikakataliwa kwa namba 437, kwa maelezo kwamba zimechakaa mno, kwa sababu seva ya aina hii, isipoelekezwa vinginevyo, haipokei makala iliyozidi siku 10.

Mtu mwenye akili angefungua faili la mipangilio na kuongeza siku hizo. Mimi niliandika mstari mmoja wa sed, programu ya kubadilisha maandishi kwa mkupuo, uliobadilisha tarehe ya kila makala ikawa ya usiku ule. Seva ikakataa tena, safari hii kwa 435, kwa kuwa hukumbuka kitambulisho cha kila makala iliyokwisha kuikataa, kama bawabu anayekumbuka sura. Nikabadilisha na vitambulisho. Seva ya watu ilinikatalia mara mbili, nami nikaona inanifanyia inda. Zote 25 zikaingia kwa dakika moja, sikusoma hata moja, nikalala usingizi wa mshindi.

Sasa twendeni polepole, maana hapa ndipo panapouma.

Ijumaa jioni, dakika chache kabla ya adhana ya Magharibi, nimekaa sebuleni na kikoi na fulana yenye tundu la kwapa, mkononi kikombe cha chai, kinywani nusu hamri. Nasikia hodi. Nafungua mlango huku natafuna. Mbele yangu amesimama mzee wetu wa kundi, kanzu nyeupe, kofia ya vito, na tende moja kati ya vidole viwili, akiisubiri adhana. Nyuma yake wamesimama watu 14 na watoto wao. Mzee ananitazama machoni. Kisha anatazama shavu langu, lililovimba hamri. Kisha anakitazama kikombe, ambacho bado kinatoa moshi.

"Tumekuja, mwanangu," anasema kwa upole. "Tumefunga Sita za Mfunguo Mosi, na barua zako zote mbili tumezipata."

Zote mbili. Walikuwa wameusoma mwaliko wa kesho na lawama za kutokuja katika dakika ileile, wakaelewa kwamba mwenzao ameanza kugomba kabla ya siku yenyewe kufika, wakaogopa, wakaja wote, hata yule ambaye hajawahi kuhudhuria harusi ya ndugu yake. Sikuweza kumeza wala kutema. Adhana ikaanza. Mzee akala tende yake pale pale kizingitini, akanyoosha mkono, nami nikampa kikombe changu cha chai, kwa kuwa sikuwa na kitu kingine duniani.

Kutoka ndani mke wangu akauliza, "Baba watoto, ni nani?" Nikamjibu kwamba ni wageni wa mwezi uliopita.

Yaliyofuata nayafupisha: viazi karai vya jirani vilinunuliwa vyote pamoja na karatasi ya kufungia, mishkaki ikaagizwa kwa mkopo, na jamaa mmoja wa kundi akanieleza mbele ya watu, huku akilamba ukwaju, kwamba ningeandika artcutoff, ule mpangilio wa ukomo wa siku, na namba kubwa ningekuwa nimemaliza. Mtaa wa pili watu walikuwa na tochi wakimtafuta mbuzi aliyetangazwa kupotea katika makala ya tarehe 18 Ramadhani, mbuzi ambaye alipatikana siku ileile na akaliwa siku ya Idi, na sahibu wa Kibokoni alikuwa miongoni mwa waliomla na miongoni mwa waliokuwa wakimtafuta, jambo ambalo katika masimulizi yake amelisahau.

Mke wangu amekubali kupika upya Ijumaa ijayo, kwa sharti kwamba mwaliko usipite kwenye mashine. Nimezunguka nyumba hadi nyumba kwa miguu. Mzee alinipokea vizuri, akanishika mkono, akaniuliza kama ni Ijumaa ya mwaka huu.