Mstari Nao Una Masharti

Jamani, zamani mstari ulikuwa mstari. Unashika rula, unashika penseli, unavuta, kwisha habari. Leo unakaa mbele ya AutoCAD, programu ya kuchorea michoro ya kiufundi, unachora kabamba kadogo tu, na kila mstari unasubiri uambiwe: wewe lala, wewe simama, wewe mshike mwenzio, wewe usisogee. Masharti kuliko ya mganga, na huyu wala hapozwi kwa jogoo mweupe.

Wa kulaumiwa yupo. Ivan Sutherland, mwaka 1963, kule MIT nchini Marekani, alikuja na Sketchpad: unachora kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga, mistari imepindapinda, kisha unaiamuru iwe sambamba nayo inajinyoosha. AutoCAD yenyewe ilijikalia kimya mpaka toleo la 2010 ndipo nayo ikaleta masharti ya maumbo na ya vipimo. Nadhani waliona tunapumua vizuri mno.

Haya, chukua bamba la kitako cha nguzo ya chuma, milimita 300 kwa 300, matundu manne ya kipenyo cha 18 ya kupitisha bolti za M16, yaani zenye unene wa milimita 16. Fundi wa kuchomelea analichora kwa chaki sakafuni huku anatafuna muhogo. Kwenye kompyuta sasa! Kila mstari una ncha mbili, na kila ncha ina ruhusa ya kwenda kushoto-kulia na juu-chini. Huo ni uhuru wa aina 4 kwa mstari mmoja. Mistari minne, 16. Bana ncha zishikane kwenye kona, umepunguza 8. Laza miwili, simamisha miwili, umepunguza 4. Weka upana na urefu, umepunguza 2. Zinabaki 2, na hizo ndizo zitakazokutoa jasho, kwa sababu bamba lina umbo, lina vipimo, ila halijui linakaa wapi. Unaongeza upana, upande uliotaka utulie ndio unaotembea. Piga amri ya GCFIX, funga ncha ya kona moja, basi. Moja! Maana wapo watu wakishaona kialama cha kufuli wanafunga kona zote nne, halafu wanashangaa mbona 300 inakataa kuwa 320.

Na AutoCAD haikwambii umebakiza uhuru kiasi gani. FreeCAD, programu nyingine ya kuchorea, angalau ina ubinadamu: inakuandikia idadi iliyobaki, na mchoro ukikamilika unageuka kijani. Kwenye AutoCAD ni kuvuta kona na mausi uone kama inacheza.

Kubofya nako kuna adabu yake. Ukitaka mistari miwili iwe sambamba, unaoubofya kwanza hutulia, wa pili ndio hujipinda kuufuata. Anza na mlango, malizia na ukuta, uone ukuta mzima wa nyumba unavyoinama kumpisha mlango wa choo.

Matundu hayana shida sana. Yape yote manne sharti la usawa, kipenyo uweke kwenye moja tu. Siku bolti zikipanda kuwa M20, unaandika 22 mara moja na yote yanafuata. Kabla ya kuweka namba lakini, chora karibu na ukubwa halisi. Ukichora kiboksi cha 40 kisha ukakipa 300 kwa mkupuo, tundu linaweza kurukia nje ya bamba, nalo linakutazama kwa kiburi: si ulisema milimita 50 kutoka ukingoni? Hizi hapa 50. Upande gani, hukusema.

Kisha linakuja lile la kuzidisha masharti. Umeweka upana 300, tundu la kushoto 50 kutoka ukingo wake, la kulia 50 kutoka ukingo wake, na kwa bidii zako unaongeza 200 kati ya tundu na tundu. Programu inagoma. Na ina haki, tatizo ndilo hilo: 300 toa 50 toa 50, imeshajua ni 200, wewe unairudishia hesabu yake. Inakupa nafasi ya kukiweka kama kipimo cha marejeo, kikae ndani ya mabano. Kinaonyesha tu, hakiamrishi chochote.

Lakini nani aamrishe? Hapo ndipo watu wanapoumia. Mwenye mali anapiga simu: "Kijana, hilo bamba lije 280, chuma kimepanda." Unaandika 280, kila kitu kinajipanga chenyewe, unajisikia injinia. Kingo zimebaki 50 na 50, katikati imekuwa 180. Kule saiti bolti zimeshamwagiwa zege kwa 200! Kipimo kilichoshikwa na zege ndicho cha kupewa amri, ukingo ndio ufuate. Fungua PARAMETERS, orodha ya vipimo na majina yake, kipimo cha bamba kiite upana, cha kati ya matundu kiite nafasi, ukingo wa kushoto uandike (upana-nafasi)/2, na wa kulia uwe wa marejeo tu. Bamba likishuka kuwa 280, ukingo unakuwa 40 na matundu hayatikisiki. Majina yasiwe na nafasi wazi katikati wala yasianze na tarakimu. Ukiyaacha yale ya programu yenyewe, d1, d2 mpaka d27, mwezi ujao hata wewe utauliza d14 ni mtoto wa nani.

Wavivu nao wana AUTOCONSTRAIN: chagua mchoro wote, programu ijigawie masharti yenyewe. Ndiyo, na bafu lako je? Sakafu imechorwa na mteremko wa 1:100 kuelekea kwenye tundu la maji. Hiyo ni nyuzi 0.57. Uvumilivu wa pembe, yaani kiasi cha kupinda ambacho programu inakisamehe, ukiwa nyuzi 1, programu inauona mteremko wako, inadhani mkono ulitetemeka, inaulaza kabisa. Imekusaidia! Shusha uvumilivu mpaka 0.1 kwanza, au hiyo sakafu iache nje.

Umemaliza, unaprinti. Karatasi inatoka safi, haina kipimo hata kimoja, kwa sababu vipimo vya masharti kwa kawaida ni vya kwenye skrini tu. Vichague, fungua dirisha la sifa, muundo wa sharti ubadilishe kuwa Annotational, yaani wa kutoka hadi kwenye karatasi. Na usikimbilie kuprinti tena. Nenda CONSTRAINTSETTINGS, sehemu ya vipimo, chagua ionyeshwe thamani peke yake, la sivyo karatasi inafika kwa fundi imeandikwa d3=(upana-nafasi)/2, naye anakupigia: "Bosi, hii nikate, au nimpe mwanangu wa Form Two aitafutie jibu kwanza?"