Shangazi, Kipanya na Rejeta Ndogo

Kipanya changu, yaani basi langu dogo, kililetwa kutoka Japani kikiwa kimeshatumika, na vitufe vyake vya hita vina maandishi ambayo hakuna mtu katika ukoo wetu anayeweza kuyasoma. Kwa miaka minne nilivibonyeza kwa kubahatisha, nikipata mara upepo wa moto, mara wa baridi. Hata hivyo, nilijihesabu kuwa mtu anayelijua gari lake. Kila asubuhi niliinama na kuchungulia uvunguni, nami sikuona hata tone moja; lakini kila Jumamosi nilipokagua kopo la akiba la maji ya injini, nilikuta maji yamepungua karibu nusu lita. Mwenye akili angejiuliza maji hayo yanakwenda wapi. Mimi niliyaongeza tu, tena ya bomba yenye kulanti kidogo sana, kwa sababu kulanti tupu, yale maji maalumu ya kupoza injini, niliiona kuwa anasa ya wenye magari mapya.

Dalili nyingine zilikuwepo. Kila nilipowasha hita, kioo cha mbele kilishika ukungu wenye mafutamafuta, ambao ukiufuta kwa kitambaa unasambaa badala ya kuondoka, na humo ndani mlinukia utamu kama wa sharubati iliyosahauliwa juani. Mke wangu alisema hayo ni manukato, akataka kufahamishwa ni ya nani. Nilitumia jioni nzima kujitetea kwa kosa ambalo, kama nilivyokuja kujua baadaye, lilikuwa la rejeta.

Mwezi wa Julai tulialikwa harusini Njombe, nami nikapewa jukumu la kuwasafirisha ndugu kumi na mmoja kutoka Iringa. Kwa heshima ya safari nilinunua kulanti halisi, ile ya kijani, nikaimimina yote. Shangazi, ambaye ndiye mkubwa wetu, alipewa kiti cha mbele upande wa kushoto, akakikalia akiwa amevaa viatu vyeupe vya raba alivyokuwa amevitunza kwa ajili ya siku hiyo.

Tulipoipita Mafinga na kuingia katika misitu ya misonobari ya Sao Hill, baridi ilitukamata barabara. "Mwanangu," Shangazi akasema, "washa huo moto, miguu yangu imekufa ganzi." Nikabonyeza kila kitufe nilichokiona. Baada ya muda akanishukuru, akasema anasikia joto linampanda hadi vifundoni. Kisha akanyamaza.

Shangazi si mtu wa kunyamaza. Ni mtu anayeweza kuanza habari ya shamba la marehemu babu mjini Iringa na kufika Makambako bado akiwa kwenye mpaka wa kwanza. Lakini tulipita Nyororo bila neno. Nilimwona akivuta kanga polepole na kuifunika miguu, huku akitazama mbele kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Nikadhani amechoka, kwa hiyo nikamuuliza kwa adabu zote, "Shangazi, tusimame uchimbe dawa?"

Akanigeukia kwa macho makali. "Kwa nini unaniuliza mimi?"

Kabla sijapata jibu, mshale wa geji ya joto ulikuwa umeshapanda hadi kwenye mstari mwekundu, na mvuke ukaanza kutoka chini ya viti. Nikaegesha pembeni. Sasa, anayekijua kipanya anajua kwamba injini yake iko chini ya viti vya mbele, na kwamba huwezi kuifikia bila kukiinua kiti cha abiria.

"Shangazi, naomba ushuke kidogo."

"Sishuki."

"Lakini injini iko chini ya kiti chako."

"Basi ipoe nikiwa nimekaa."

Ndugu wote wakambembeleza. Hatimaye akakubali kwa sharti kwamba wanaume wote watazame msituni, nasi tukaitazama misonobari kama wakaguzi wa mbao. Tukasikia mlango ukifunguliwa, kisha sauti ya mjukuu wake: "Bibi, mbona viatu vyako vimekuwa vya kijani?"

Pakawa kimya. "Vya kijani?" Shangazi akauliza, akafunua kanga. Kisha akapiga kigelegele ambacho hata harusini sikusikia mfano wake. "Ni kijani! Ndugu zangu, ni kijani!"

Ndipo ilipobainika kwamba, tangu kabla ya Nyororo, mama wa watu alikuwa amesikia majimaji ya uvuguvugu yakimlowesha miguu, akahitimisha kuwa uzee umemfikia rasmi, na akaamua kuibeba aibu hiyo peke yake hadi Njombe. Furaha ilimdumu kama dakika moja. Baada ya hapo aliukumbuka ukweli kwamba gari lina mwenyewe.

Tulisubiri injini ipoe, tukaongeza maji, tukajikokota hadi kwa fundi mmoja Makambako, ambaye alibonyeza kapeti kwa kidole, akakinusa, akacheka. Alinieleza kwamba nyuma ya deshibodi kuna rejeta ndogo inayopitisha maji ya moto ya injini ili feni ipulize joto ndani, na kwamba maji yangu ya bomba yalikuwa yameila kwa kutu. Uvunguni kulikuwa kukavu kwa sababu kapeti ndilo lililokuwa likinywa. Mtoto alipotaka kuionja ile kulanti kwa jinsi ilivyonukia, fundi alimpiga kikofi cha mkono, maana ni sumu pamoja na utamu wake wote. Mjomba alipopendekeza tumimine binzari ili kuziba tundu, alijibiwa kwamba itaziba kweli, pamoja na njia zote za maji.

Kuibadilisha rejeta hiyo kungehitaji deshibodi nzima ing'olewe, na harusi isingetungoja. Kwa hiyo fundi aliichomoa ile mipira miwili inayoingia ndani ya gari, akaiunganisha kwa kipande kifupi cha bomba la chuma na klipu mbili, maji yakawa yanarudi kwenye injini bila kupita kwenye hita. Gari likapona, hita ikafa. Kilomita kama sitini zilizobaki tulizimaliza tukiwa tumejifunika yale mablanketi manne ya zawadi, ambayo maharusi walikabidhiwa yakiwa na joto letu.

Wakati wa kurudi Shangazi alikaa kiti kilekile, kwa sababu cheo ni cheo, lakini akiwa amevaa buti za mpira alizozinunua sokoni Njombe. Tulipokaribia Nyororo alinigusa bega.

"Mwanangu," akasema kwa upole mwingi, "hutaki tusimame uchimbe dawa?"