Kilicho rahisi ni dhahabu

Barazani kwetu suala liliingia kupitia simu. Kijana mmoja alitwonyesha video fupi: chembe za dhahabu, mwale wa leza, na sauti inayosema uvimbe wa saratani umeungua bila kisu. Kahawa ikapoa. Mzee mmoja akauliza lini itafika hospitali ya Mnazi Mmoja. Muuguzi mstaafu aliyekaa pembeni akajibu, "Kwanza tuwe na watu wa kutosha wa kusoma vinyama," yaani vipande vidogo vinavyotolewa kwenye uvimbe ili vitazamwe kwa darubini. Wakamcheka. Wakamwambia amezeeka vibaya, hata sayansi haitaki.

Mimi niko na muuguzi. Lakini dhahabu nayo ina haki yake, tuanze nayo.

Wazo lenyewe ni zuri, wala si la jana. Naomi Halas na Jennifer West wa Chuo Kikuu cha Rice, Houston, walionyesha tangu 2003 kwamba linafanya kazi. Chembe yao ina kiini cha silika, ndugu yake mchanga, kilichovikwa ganda jembamba la dhahabu. Nzima ina upana wa nanomita 150 hivi. Ukitaka kufikia unene wa unywele mmoja, panga zaidi ya 500. Ganda hutengenezwa kwa unene utakaolifanya linywe mwanga wa aina moja, ule wa karibu nanomita 800 ambao macho yetu hayauoni vizuri lakini hupenya nyama ya mwili kwa sentimita kadhaa. Elektroni za dhahabu huyumba kwa pamoja kama maji kwenye ndoo ya mtu anayekwenda mbio, na mwanga unageuka joto. Mishipa ya damu ya uvimbe huvuja, kwa hiyo chembe zilizotiwa kwenye damu hupenyea humo. Zikimulikwa, pale zilipojikusanya panaungua, jirani panasalimika.

Kwa mwanamme mwenye saratani ya tezi dume hili si jambo dogo. Upasuaji na mionzi huweza kumwachia mkojo usiozuilika na ndoa iliyolala. Wangapi wetu wanajua wana tatizo na wananyamaza kwa sababu hiyo tu? Tiba inayoahidi kuuacha utu wa mtu mahali pake ingewatoa wengi mafichoni. Hoja hii naiheshimu, na anayeibeza hajawahi kukaa na mgonjwa wa aina hiyo.

Sasa hesabu. Matokeo yaliyochapishwa 2019 kutoka Marekani yalihusu wanaume 16, wa miaka 58 hadi 79, wote wenye saratani ambayo bado haijatoka ndani ya tezi. Tiba ilikamilika kwa 15, na hali ya mkojo na ya unyumba haikubadilika kwa kiasi cha kutajwa. Baada ya mwaka, 13 hawakuonekana na saratani pale palipotibiwa. Watu wanaishika hiyo 15 kati ya 16 wanaondoka nayo mbio. Mimi nimekwama kwenye kitu chengine: namna walivyojua.

Kabla ya dhahabu, kila mmoja alipigwa picha ya ndani ya mwili, MRI, ili kujua uvimbe uko upande gani wa tezi, na kinyama chake kilikuwa kimeshasomwa. Siku mbili tatu baada ya leza, MRI tena. Miezi 3 baadaye, sindano ya kinyama tena, ikiongozwa na picha. Ulipotimia mwaka, sindano nyengine, na juu yake vinyama 12 vya kuizunguka tezi nzima. Kila kinyama kikatwe, kipakwe rangi, kiwekwe chini ya darubini, na mtu aliyesomea miaka mingi akitazame aseme ni saratani au siyo. Leza ilifanya kazi mara moja tu. Jicho la huyo bingwa liliitwa mara tatu. Mtoe, na hakuna wa kukwambia 13 ni akina nani, wala leza hujui uielekeze wapi. Ndilo alilosema yule muuguzi, kwa maneno machache kuliko yangu.

Kuna hoja nyengine ya wenye shaka, nayo naipitia haraka. Watafiti wa Toronto walipokusanya tafiti za miaka 10 za chembe za nano kwa wanyama, walikuta mwaka 2016 kwamba kwa kawaida asilimia 0.7 tu ya dozi ndiyo inayofika kwenye uvimbe. Chembe 7 katika 1,000! Nyingi ya nyengine huishia kwenye ini na wengu, na dhahabu haiozi. Hata hivyo, chembe isiyomulikwa haichomi, kwa hiyo upotevu huo si msiba kama ungekuwa kwa dawa yenye sumu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mwanga hauifuati saratani iliyokwishatawanyika. Wagonjwa wetu wengi wanaovuka kwa boti kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, wanafika wakiwa hatua ya tatu au ya nne, wakati wale 16 wasingekubaliwa kwenye utafiti kama wangekuwa hivyo. Mashine ikiletwa leo, mama kutoka Wete mwenye uvimbe ulioshafika mifupani haitamfaa kitu.

Na joto si geni kama video inavyotaka tuamini. Kwenye kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, muuguzi hupaka siki, akaona pamebadilika rangi kuwa peupe, akapachoma kwa kifaa chenye joto la digrii 100 au zaidi kwa sekunde 20 hadi 30. Shirika la Afya Duniani limetoa mwongozo wa njia hiyo tangu 2019. Hakuna dhahabu, hakuna video, na inafanya kazi kwa sababu mtu ametazamwa kabla hajaumwa.

Wiki iliyofuata yule mzee aliyeuliza lini itafika alikuja barazani na swali jengine, kwa sauti ya chini, na kwa muuguzi peke yake: kipimo cha PSA, kile cha damu cha tezi dume, kinachukuliwa asubuhi kabla ya kula, au mtu anaweza kunywa chai kwanza?