Niliyemdai Nimemfuta kwa Brashi Yangu

Mimi kazi yangu ni kuandika. Si vitabu, la. Naandika USIKOJOE HAPA FAINI 500 kwenye kuta za watu, naandika KUNA CHAPATI NA MADONDO kwenye vibanda, na matatu ikitaka maneno ya kumtisha hasidi, inaletwa kwangu. Nalipwa kwa herufi. Herufi moja shilingi hamsini. Nafasi bure, koma bure. Hili la koma bure mlishike, ndilo lililonitia hasara.

Basi tangu ugatuzi uingie mwaka 2013, serikali imetusogelea. Imetusogelea kweli, maana kutoka kibandani kwangu hadi makao makuu ya kaunti sigara moja haiishi. Zamani ukiitukana serikali ulikuwa unaitukana Nairobi, na Nairobi haisikii. Siku hizi unatukana vizuri, ukigeuka unamkuta waziri nyuma yako kwenye foleni ya mahamri, naye amenyamaza anakusikiliza. Kaunti ziko 47. Yangu siitaji, kwa sababu pesa yangu bado naitaka.

Siku moja akaja kijana mwenye faili kwapani. "Fundi, baraza jipya limeapishwa, milango inataka majina." Nikauliza milango mingapi. Kumi. Moyo ukaniruka kama kuku aliyeona kisu, ila huu ulikuwa wa furaha.

Kisheria wale si mawaziri. Katiba inawaita wajumbe wa kamati tendaji ya kaunti, na mimi mtu wa herufi ningefurahi sana jina libaki hivyo hivyo, refu, lenye baraka. Lakini wa kwanza niliyemkuta ofisini alinitazama juu ya miwani akasema, "Andika Waziri." Nikaona herufi zangu zinayeyuka kama barafu ya koni. Halafu akanipa karatasi ya jina la wizara yenyewe, nikapumua tena.

WIZARA YA MAJI, MAZINGIRA, MALIASILI NA MABADILIKO YA TABIANCHI.

Herufi hamsini na tatu! Shilingi 2,650 mlango mmoja. Ilibidi nianzie karibu na bawaba nimalizie kwenye kitasa, na ile TABIANCHI nikaiweka mstari wa pili, ikakaa peke yake kama mgeni asiyepata kiti harusini.

Jioni barazani, kwenye kahawa, nikauliza kwa nini majina ni marefu hivi. Kuna mzee pale, mwalimu mstaafu, Katiba anaijua kuliko jina la mkwewe. Akaweka kikombe chini. Akasema gavana hawezi kuteua apendavyo: bunge la kaunti likiwa na wawakilishi thelathini au zaidi, mwisho ni wajumbe kumi, likiwa dogo kuliko hapo, mwisho ni thuluthi ya wawakilishi. Haya. Lakini kazi za kaunti zilizoandikwa kwenye lile jedwali la nne, kule nyuma ya Katiba, ni mafungu kumi na manne. Vichwa kumi, mizigo kumi na minne. Kwa hiyo lazima mizigo ifungwe pamoja.

"Inafungwa kwa nini?" nikauliza.

"Kwa koma," akasema mzee.

Koma! Hiyo hiyo ninayoandika bure!

Sasa nisikilizeni. Fungu la afya peke yake lina ambulansi ndani yake, lina kuzoa taka, na lina makaburi. Yaani ambulansi ikichelewa, huna haja ya kuhama wizara. Fungu jingine lina kamari, leseni za pombe, maktaba, makumbusho na fuo za bahari, zote kapu moja, kwa hiyo huenda anayekuruhusu kuuza mnazi asubuhi ndiye anayekuhimiza usome jioni. Kuna leseni za mbwa. Kuna mazishi ya wanyama, wallahi, yameandikwa. Paka wangu alipokufa nilimzika mwenyewe chini ya mpapai, sikujua nimepora kazi ya kaunti.

Na kuna la kwangu. Mzee akanisomea taratibu, akifurahia: kaunti inadhibiti hewa chafu, kelele, kero nyinginezo za umma, na matangazo ya nje. Matangazo ya nje ni mimi huyo! Miaka yote hii nadhani nina ufundi, kumbe mbele ya Katiba nimekalishwa mkeka mmoja na moshi wa jaa na spika za disko matanga. Mama watoto nilipomwambia alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema yeye kero hiyo ameijua kabla ya Katiba.

Ila yeye naye ana lake. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa chekechea, na chekechea ni ya kaunti. Mwaka huu ameingia gredi ya kwanza, na shule ya msingi ni ya serikali kuu. Mtoto amevuka ua wa michongoma tu, hatua kumi na mbili, nimezihesabu, amehama serikali! Bomba la maji liko upande wa chekechea. Mama watoto akaenda kuuliza kama watoto wa gredi ya kwanza wanaweza kunywa upande ule. Akaambiwa alete barua. Kwa nani? Kwa wizara. Ipi? Hapo ndipo walipomuuliza kama hana kijana wa kumbebea kibuyu.

Turudi kwenye milango yangu. Nilimaliza yote kumi, jumla shilingi 19,400. Nikapewa LPO, yaani hati ya kaunti ya kuagiza kazi, karatasi nzuri yenye muhuri wa zambarau. Nikaikunja ndani ya msahafu isipotee.

Miezi saba. Sistimu imelala. Mwenye kutia sahihi yuko warsha Naivasha. Mgao haujatoka Hazina Kuu. Mgao umetoka, lakini wa mishahara. Nikazoea. Walinzi wa lango wakanizoea, mmoja akaanza kunitunzia chai.

Halafu gavana akafanya mabadiliko.

Ninyi wengine mkisikia mabadiliko ya baraza mnauliza nani kapanda, nani kashuka. Mimi nauliza koma imehamia wapi. Waziri wa Michezo akapelekwa Kilimo. Jumamosi tumemwona akirusha sarafu ya mechi ya fainali, Jumatatu anapapasa kiwele cha mbuzi mbele ya kamera, na mbuzi anamtazama kwa macho yale yale ya refa. Maji yakaozeshwa Barabara. Mazingira yakaingia Afya. Maliasili ikakimbilia Utalii. Mabadiliko ya Tabianchi sijui, nadhani yalibadilika.

Yule kijana wa faili akaja tena. "Fundi, milango." Nikamwambia deni la kwanza. Akasema hiki ndicho kitasukuma lile. Na mimi, na umri huu, na mvi hizi, nikabeba msasa na kopo la thina nikaenda. Nikausugua ule mlango wa herufi hamsini na tatu. Ilichukua asubuhi nzima. TABIANCHI ilinitoa jasho, rangi ilikuwa imeshika kweli, nilikuwa nimefanya kazi nzuri.

Wiki iliyofuata nikaingia kwa karani wa malipo.

"Wizara iliyokuagiza ni ipi?"

"Maji, Mazingira, Maliasili na Mabadiliko ya Tabianchi."

Akabonyeza kompyuta. Akabonyeza tena. "Hatuna wizara hiyo."

"Mlikuwa nayo."

"Iko wapi?"

"Nimeifuta."

"Nani alikwambia uifute?"

"Ninyi."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyejichomea nyumba akaja kuomba kodi ya pango.

Nikazunguka kwa warithi. Wa Maji akasema anatambua neno MAJI, herufi nne, shilingi mia mbili, zaidi ya hapo haimhusu. Wa Afya akakubali MAZINGIRA, herufi tisa. Wa Utalii akakubali MALIASILI, tisa nyingine, na akaniuliza kama nina risiti ya kila herufi. TABIANCHI na MABADILIKO yake hayakupata mwenyewe. Na lile neno WIZARA, na YA mbili, na NA moja, hao ndio mayatima kabisa. Nani alipie NA? Herufi thelathini na moja ziko hewani, shilingi 1,550, na hizo zilizotambuliwa zimetambuliwa tu, hakuna aliyefungua droo.

Sasa, kuna mlango mmoja ambao mabadiliko hayajawahi kuugusa. Watu wanaingia na kutoka, lakini jina liko pale pale, fupi, halina koma, halitaki mke wa pili. WIZARA YA FEDHA. Herufi kumi na tatu. Juzi jengo lilipakwa rangi mpya, mafundi wakapitisha rola juu ya kila kitu, jina likafunikwa. Nikaitwa.

Nikaenda mapema, kabla ya makarani. Nikapiga mistari ya penseli. Nikaandika kwa utulivu, W yenye mabega, Z yenye mkia, kazi ya kuonyesha wanafunzi. WIZARA YA FEDH. Hapo nikaosha brashi, nikafunga kopo. Kijana wa faili akafika, akasoma, akasoma tena huku midomo ikicheza.

"Fundi, haijaisha."

"A iko kwangu nyumbani. Ije na 19,400."

Nikaondoka nimeinua kichwa kama bwana harusi. Barazani wakanipigia makofi, mzee mwalimu akanilipia kahawa, jambo ambalo halijatokea tangu awamu ya kwanza ya ugatuzi. Usiku sikulala, nikisubiri simu. Gavana mwenyewe atapiga, nikajisemea. Kaunti nzima haiwezi kukaa na FEDH.

Asubuhi nikapita pale kwa miguu, polepole, kama mtu mwenye shughuli zake. Mlango ulikuwa umefungwa. Tarishi alikuwa ameshakata vipande vitatu vya ile tepu ya kahawia ya kufungia maboksi, akaibandika A.

Imepinda kidogo. Mguu wa kushoto umeanza kubanduka. Na mlinzi ananiambia waziri ameipita mara nne, hajaona tofauti.