Siku Niliyofunguliwa Mlango

Nilikuwa siku ya tisa ya mfungo wa Danieli. Wanaoufahamu wanajua: siku 21 bila chakula kitamu, nyama wala divai. Divai haikunisumbua, maana kwa mfuko wangu huo nilikuwa nimeifunga mwaka mzima. Shida ilikuwa hilo neno "kitamu". Jirani yangu wa kushoto hukaanga chapati za kuuza kila alfajiri, na harufu inaruka ukuta kwa sababu nyumba yetu haina dari. Huku Mbagala ukikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha sita anakupa pole.

Hoja yangu mbele za Mungu ilikuwa moja tu: kazi. Nilifanya usaili, wakasema "tutakupigia", ikapita miezi minne. Mchungaji akanitia moyo kwa habari za Abrahamu: aliondoka Harani ana miaka 75, Isaka akazaliwa yeye ana 100. Nikapiga hesabu. Miaka 25! Nilitoka kanisani nimenyong'onyea kuliko nilivyoingia.

Basi usiku ule, saa tisa kamili, nikafunga mlango kama Mathayo 6 inavyoelekeza, nikapiga magoti. Nilianza kwa upole, na Zaburi ya 40: "Nalimngoja Bwana kwa saburi." Upole ulidumu dakika kumi. Nilipofika kwenye "bisheni, nanyi mtafunguliwa", nikajiuliza, mbona mimi nabisha kwa adabu mno? Nikaanza kuupiga mlango kwa kiganja, pwaa, pwaa:

"Nifungulie mlango, Baba! Nimekaa humu vya kutosha! Wenzangu wote wametoka, nimebaki mimi! Fungua!"

Sasa, wiki moja kabla nilikuwa nimemlalamikia mama mwenye nyumba kwamba kitasa changu kinakwama, iko siku kitanifungia ndani. Mimi nilishasahau. Yeye hakusahau.

Katikati ya kilio nikasikia sauti: "Subiri! Tunakuja kukufungulia!"

Nywele zikanisisimka. Tangu niokoke sijawahi kujibiwa waziwazi namna ile. Na kwa ile njaa, hata ufafanuzi nikaupata papo hapo: "tunakuja", wingi. Si ndio Utatu wenyewe? Mwanzo sura ya kwanza si imeandikwa "na tumfanye mtu kwa mfano wetu"? Machozi yakanitiririka.

"Lini, Bwana?" nikauliza.

"Sasa hivi! Sogea pembeni!"

Nikasogea kwa magoti, mikono juu, macho nimefumba.

Puu! Mlango ukaja na fremu yake. "Asante Yesuuu!" Nilipofumbua macho, mbele yangu kasimama jirani wa kulia, kijana wa bodaboda, kavaa bukta, mtarimbo mkononi. Nyuma yake mama mwenye nyumba na khanga zake mbili, tochi ya simu kanimulika usoni. Nyuma kabisa yule wa chapati na ndoo ya maji. Nadhani yeye aliambiwa ni moto.

Kimya. Mama mwenye nyumba akashusha tochi kwenye kitasa. Ufunguo ulikuwa unaning'inia palepale kwenye tundu lake, upande wa ndani. Akauzungusha. Ukazunguka bila kinyongo.

"Mwanangu," akasema, "sisi tunaambiwa Innallaha ma'a sabirin, Mungu yu pamoja na wanaosubiri. Nyinyi kwenu mnaambiwa mvunje?"

"Hata kwetu ipo, mama. Zaburi ya 40."

"Basi kaisome tena. Na mlango utalipa."

Fundi alisema atakuja kesho. Kesho yake akasema kesho. Wiki nzima mlango niliuegemeza kwa ndoo ya lita 20, paka wa mtaa anaingia na kutoka kama mpangaji. Mfungo nikaumalizia kwa kunong'ona. Usiku wa 21 nikapiga magoti, nikazamisha mdomo kwenye godoro, nikasema taratibu:

"Baba, kuhusu ule mlango..."

Juu ya ukuta ikaja sauti nzito ya usingizi: "Kaka, mtarimbo nimeshaurudisha."